Kupima na Kuotesha Choo kwa Mtu Anayeharisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa dirishani kwa maabara ninayofanyia kazi, pale mgonjwa anapokabidhi kopo na pale anaporudi kuchukua majibu. Yanahusu zaidi bakteria wanaoleta kuhara. Minyoo, amiba na virusi vimeguswa pale tu vinapogongana na habari hiyo. Jibu likishatolewa halirudiwi, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. "Kipimo cha choo" na "kuotesha choo" si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiandikiwa kipimo cha choo bila maelezo mengine, katika vituo vingi maana yake ni hadubini. Mtaalamu anachukua choo kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, anakichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, pembeni tone la ayodini, anaangalia. Anatafuta mayai ya minyoo, amiba, giadia (kimelea mwingine wa utumbo), chembe za usaha na chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo huisha siku hiyo hiyo, mara nyingi ndani ya saa moja.

Kuotesha ni kazi nyingine kabisa. Choo kinapakwa kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, sahani zinalala kwenye kabati la joto la nyuzi 37, na kesho yake tunaangalia kilichoota. Hapo ndipo tunapojua ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Kama daktari anashuku bakteria, angalia karatasi imeandikwa kuotesha. Mapokezi wakiona neno "choo" peke yake watakuandikia hadubini, utalipa, na utarudi nyumbani na majibu ya swali ambalo daktari hakuuliza.

2. Kwa nini hadubini isiwaone bakteria hapo hapo?

Inawaona, kazi ni kuwatambua. Gramu moja ya choo ina bakteria kwa mabilioni, na karibu wote ni wenyeji halali wa utumbo. Shigela, salmonela na E. coli wote ni vijiti. Hata tukiwapaka rangi ya Gram wote hutoka wekundu-waridi na hufanana kama punje za mchele wa gunia moja. Chembe nyingi za usaha pamoja na damu hutuambia utumbo umejeruhiwa. Nani kaujeruhi, hazisemi.

Anayejitambulisha kidogo ni wa kipindupindu. Choo kibichi cha mgonjwa, kile cha maji ya kuoshea mchele, kikiwekwa chini ya hadubini ya uwanja wa giza, bakteria huonekana wakikatiza kasi kama vimondo. Hata hapo bado tunaotesha ili kuwa na uhakika.

3. Mnatafuta bakteria gani hasa?

Karibu kila maabara inayootesha choo hutafuta shigela na salmonela. Bakteria wa kipindupindu hutafutwa daktari akiandika au kukiwa na tetesi za mlipuko, kwa sababu anahitaji sahani yake ya pekee. Kampilobakta, ambaye watu wengi humpata kwenye kuku asiyeiva vizuri, anataka joto la nyuzi 42 na hewa yenye oksijeni kidogo. Maabara nyingi za wilaya hazina vifaa vya kumwotesha. E. coli ana hadithi yake ndefu (swali la 15).

Kwa hiyo uliza mapema: "Hapa mnaotesha nani na nani?" Maabara isiyomtafuta kampilobakta haitampata, na karatasi ya majibu haitakuambia kwamba hakutafutwa.

Majina hayo utayakuta kwenye karatasi yameandikwa kisayansi: Shigella, Salmonella, Campylobacter, Vibrio cholerae. Shigella limetokana na Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyemgundua bakteria huyo mwaka 1897 wakati wa mlipuko wa kuhara damu nchini kwake.

4. Kila anayeharisha lazima apimwe?

Hapana. Kuhara ni kupata choo laini au cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, na mara nyingi huisha chenyewe baada ya siku chache. Kwa watoto wadogo virusi vya rota vimekuwa kinara kwa muda mrefu, na antibiotiki hazivifanyi virusi chochote. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta visa vingi vya kuhara kwa kati na kukali kwa watoto chini ya miaka 5 vinatokana na visababishi vinne tu: virusi vya rota, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, shigela na aina ya E. coli inayotoa sumu. Wawili kati ya hao si bakteria.

Kuotesha kuna maana zaidi pale choo kina damu au kamasi, homa ni kali, tumbo linasokota sana, mgonjwa ana kinga dhaifu, anapikia watu, au nyumba nzima au shule nzima imeanza kuharisha pamoja. Kuhara kunakopita siku 14 nako kunapimwa, ila hapo vimelea wengine huingia kwenye orodha (swali la 22).

5. Majibu yanachukua siku kadhaa. Nikae tu nisubiri?

Usikae. Kinachoua kwenye kuhara mara nyingi ni upungufu wa maji na chumvi, na huo hausubiri sahani ziote. Pakiti moja ya ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1 ya maji safi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akizidi hapo. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Dawa za kufunga tumbo ziacheni kama choo kina damu. Na ukiona macho yamezama, mtoto hawezi kunywa au analegea, mkojo umekatika, au choo kinamwagika kama bomba, nenda kituoni usiku huo huo. Kopo la sampuli litafuata baadaye.

Choo chenye damu kwa mtoto kwa kawaida hutibiwa kama shigela tangu siku ya kwanza, kwa mwongozo wa wizara. Majibu yakija, daktari huendelea na dawa ile ile au huibadilisha.

## Kuchukua na kuleta choo

6. Nichukueje choo nyumbani?

Kojoa kwanza, mkojo usiingie. Jisaidie kwenye poti safi au tandika mfuko safi wa nailoni, kwenye ndoo ikiwa choo chenu ni cha shimo. Usiokote kilichoanguka sakafuni wala kilichogusa maji ya chooni.

Tumia kile kijiko kidogo kilichoshikamana na kifuniko cha kopo. Chota pale penye ubaya: kamasi, damu, usaha. Watu hufanya kinyume, wanachagua sehemu safi wakiona haya kuniletea uchafu. Nipe uchafu, ndio ninaoutafuta. Choo kigumu kiasi cha punje ya karanga kubwa kinatosha, cha maji vijiko viwili vitatu vya chai. Usijaze kopo mpaka juu. Choo cha kuhara huchacha, gesi inajaa, na mimi ndiye nitakayefungua kifuniko.

Andika jina, tarehe na saa uliyojisaidia. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani (swali la 8).

7. Nimekosa kopo la maabara. Nitumie nini?

Kopo lolote lenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, lililooshwa kwa sabuni, likasuuzwa vizuri kwa maji ya moto na kukauka. Kiboksi cha kiberiti, ambacho bado kinaletwa hadi leo, kinanyonya maji yote na kubakiza kipande kikavu. Chupa ya dawa ya kikohozi nayo mdomo wake ni mwembamba, utajichafua bure.

Baba mmoja aliwahi kunikabidhi kopo linalong'aa, akaniambia kwa fahari, "Nimelifuta na dawa ya madoa, mwanangu, halina mdudu hata mmoja." Na kweli hatukumkuta hata mmoja. Klorini iliyobaki ilikuwa imemaliza kazi kabla yetu. Alirudi kesho yake na kopo jipya.

8. Choo kiwahi kufika ndani ya muda gani?

Ndani ya saa 2 tangu ujisaidie, na kama ni choo cha damu fanya iwe saa 1. Kama kuna sharti moja kwenye ukurasa huu la kushika, ni hili.

Choo kikitoka mwilini bakteria wa kawaida huendelea kula na kuzaliana, na wakila wanatoa asidi. Shigela hawezi asidi hiyo. Anakufa ndani ya kopo, njiani, kwenye daladala, huku E. coli wa kawaida anastawi na kujaza sahani. Kesho yake tunaandika kwamba shigela hakuota, na tunasema kweli, kwa sababu aliyefika maabara alikuwa maiti. Amiba hai naye anataka haraka zaidi. Kwenye choo cha maji huacha kutembea ndani ya nusu saa hivi, na amiba asiyetembea ni vigumu kumtofautisha na chembe ya usaha.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipokea choo cha kijana aliyekuwa akiharisha damu. Kopo lilifika mapokezi saa 2 asubuhi, likakaa juu ya kaunta pembeni ya dirisha lenye jua hadi saa 7 mchana kwa sababu risiti haikuwa imegongwa muhuri. Sahani hazikuotesha kitu. Siku ya pili alirudi hali mbaya zaidi, tukachukua choo kibichi tukakipaka papo hapo, na shigela akajaa. Tangu siku hiyo nikiona kopo kaunta nalichukua kwanza, risiti itanikuta ndani.

Kama unatoka mbali, omba kituo kiweke sampuli kwenye chombo cha kusafirishia kiitwacho Cary-Blair. Ni uji mzito uliotengenezwa makusudi usiwe na lishe wala usigeuke asidi. Bakteria hawazaliani humo lakini hawafi. Kikitunzwa vizuri, choo hicho kinaweza kusafiri siku nzima au zaidi kutoka zahanati hadi maabara ya mkoa.

9. Nikiweka kwenye friji je?

Friji ni ya dharura. Inapunguza kasi ya bakteria wa kawaida, lakini wa kipindupindu hapendi baridi na amiba hai humalizika humo. Kugandisha ndiyo kabisa usifanye. Ni afadhali uje mikono mitupu asubuhi ujisaidie vyoo vya hapa hapa kuliko kuleta choo cha jana usiku.

10. Nimeshameza dawa kutoka duka la dawa. Bado nipime?

Pima, lakini sema. Dozi moja au mbili za siprofloksasini zinaweza kufanya bakteria asiote ingawa bado hajaisha mwilini. Watu huficha kwa kuogopa kugombezwa. Hapa hagombezwi mtu, tunataka tu kuandika kwenye fomu ili daktari asisome "hakuna kilichoota" kama habari njema. Metronidazoli haimuui shigela wala salmonela, ila inaweza kuwafuta amiba na giadia kabla hatujawaona.

Kilicho bora ni choo kuchukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza. Ukiwa na hali mbaya usiahirishe dawa kwa ajili ya sampuli. Jisaidie kwenye kopo, kisha meza.

11. Mtoto anavaa nepi. Au mgonjwa ameshindwa kutoa choo.

Nepi ya dukani inanyonya maji yote ya choo. Igeuze, upande wa plastiki uguse ngozi, au tandika nailoni ndani yake, kisha chota mara tu anapojisaidia. Mgonjwa asiyeweza kutoa choo huingizwa pamba ya kijiti kwenye njia ya haja kubwa, sentimita 2 hadi 3, ikizungushwa taratibu. Pamba hiyo iingie kwenye Cary-Blair papo hapo, na rangi ya choo ionekane juu yake. Pamba kavu iliyotoka nyeupe haina kitu cha kupima.

Mwanamke aliye kwenye siku zake aseme, au asubiri zipite kama hali inaruhusu, maana damu hiyo itasomwa kama ya tumboni.

## Ndani ya maabara

12. Siku 3 zote mnafanya nini?

Siku ya kwanza tunapaka. Choo kinaingia kwenye sahani ya MacConkey na sahani ya XLD kwa waya wenye kitanzi, tukichora mistari ili bakteria watawanyike, kila mmoja aote kivyake. Kiasi kingine kinatiwa kwenye mchuzi wa selenaiti, unaowapa salmonela wachache nafasi ya kuongezeka.

Asubuhi ya pili ndiyo raha ya kazi hii. Unafungua sahani ya XLD, nyekundu kama juisi ya rozela, na makundi ya bakteria yamekaa juu yake kama vitone. Ya manjano yaliyogeuza sahani yote njano ni E. coli na ndugu zake, hayatuhusu. Mekundu yenye kiini cheusi katikati, kama jicho la dagaa, yananifanya nishike kalamu: huenda ni salmonela. Mekundu yasiyo na kiini huenda ni shigela. Huenda, kwa sababu wapo wanaoiga. Proteus, kwa mfano, naye hujipaka weusi.

Kwa hiyo tunachukua kitone kimoja tu na kukihoji. Kinakula sukari gani? Kinatoa gesi? Kinavunja urea? Kinatembea au kimetulia? Shigela hatembei, salmonela wengi wanatembea. Hilo linakula usiku mwingine. Siku ya tatu tunakichanganya juu ya kioo na tone la kinga-mwili maalumu (protini za kinga zinazomshika bakteria wa ukoo fulani) kuona kama kitashikamana, ili tujue ukoo wake, kisha kinapakwa kwenye sahani ya mwisho tukiweka vidonge bapa vya dawa kupima usugu. Dawa inayofanya kazi huacha duara jeupe lisiloota kitu.

Bakteria wa kipindupindu ana njia yake. Kwenye sahani ya kijani ya TCBS huota vitone vya manjano, na ukimchanganya na tone la dioksikoleti kisha ukainua waya, unavutika uzi mrefu kama mlenda. Mwanafunzi akiuona uzi ule mara moja hausahau.

13. Mbona wengine wanapata majibu ndani ya saa moja kwa mashine?

Hiyo ni PCR, inayotafuta vinasaba badala ya kuotesha. Zipo mashine zinazoangalia visababishi 22, bakteria, virusi na vimelea, kwa takriban saa 1. Ni nzuri hasa kwa kampilobakta na zile E. coli zenye sumu ambazo sahani haziwezi kuzitenga. Huku kwetu zipo zaidi kwenye hospitali kubwa za binafsi na vituo vya utafiti, na bei yake haicheki.

Lakini PCR inasoma vinasaba vya bakteria aliye hai na aliyekufa sawasawa, na kwa kawaida haikuambii dawa gani itamuua. Mara nyingine hutaja vitatu vinne kwa mpigo, hasa kwa watoto, na daktari anabaki kukuna kichwa nani ndiye mkosaji. Ndiyo maana maabara yenye mashine hiyo bado huotesha choo kikitoka na shigela au salmonela.

14. Kile kijiti cha haraka cha kipindupindu kinaaminika?

Kinafaa kwa kupiga kengele. Kikitoka na mistari, mganga mkuu wa wilaya hupewa taarifa na sampuli hupelekwa kuoteshwa; mlipuko hutangazwa baada ya kuthibitishwa kwa kuotesha au PCR. Mgonjwa mwenyewe anatibiwa kwa maji, na hasubiri kijiti wala sahani.

## Kusoma majibu

15. Karatasi imeandika E. coli. Nina ugonjwa?

Pengine huna. Kila mwenye utumbo ana E. coli, mtoto humpata siku chache baada ya kuzaliwa. Akikutwa kwenye mkojo ni habari nyingine, na huo ndio mkanganyiko mkubwa, kwa sababu watu wanamjua kutoka kwenye UTI. Kwenye choo yuko nyumbani kwake.

Zipo koo chache za E. coli zinazoharisha: inayotoa sumu na kuwapata watoto na wasafiri, inayovamia utumbo kama shigela, na ile ya O157 inayotoa sumu ya Shiga na kuweza kuharibu figo. Zote huota sawa na yule mpole. Kuzitenga kunataka sahani maalumu, kinga-mwili au PCR. Kwa hiyo karatasi inayosema "E. coli" peke yake, bila kutaja ukoo, haikuambii kitu, na kumeza antibiotiki kwa sababu yake ni kupoteza pesa. Maabara makini haimwandiki kabisa.

Ukoo wa O157 ukithibitishwa, tahadhari inageuka: antibiotiki zinaweza kuongeza hatari ya figo, hivyo mgonjwa husimamiwa kwa maji na uangalizi.

16. Hakuna kilichoota lakini bado naharisha. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Kisababishi kinaweza kuwa virusi. Kinaweza kuwa bakteria ambaye maabara haimtafuti (swali la 3). Sampuli ilichelewa (la 8). Ulishameza dawa (la 10). Au si maambukizi: chakula chenye sumu iliyokwisha tengenezwa humo, dawa nyingine unazotumia, au ugonjwa wa utumbo wenyewe. Rudi kwa daktari na karatasi yako, peleka choo cha pili kibichi akiona inafaa.

17. Herufi S, I na R zina maana gani?

S ni dawa inayofanya kazi kwenye sahani, R ni iliyoshindwa, I iko katikati na daktari ndiye anayeamua. Usichukue karatasi ukaenda nayo dukani kuchagua yenye S iliyo rahisi. Shigela na salmonela wanaweza kuonyesha duara zuri kwa jentamisini kwenye sahani, wakati ndani ya mwili dawa hiyo haiwafikii pale walipojificha. Maabara inayojua kazi haitoi jibu la dawa hiyo kwa bakteria hao.

Na R zinaongezeka. Ampisilini na kotrimoksazoli zilizokuwa tegemeo dhidi ya shigela zimeshindwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliweka shigela sugu kwa kundi la siprofloksasini kwenye daraja la juu la orodha yake ya bakteria wa kutafutiwa dawa mpya.

18. Nimekutwa na salmonela, daktari kaninyima dawa. Kanisahau?

Hakukusahau. Salmonela wasio wa taifodi, kwa mtu mzima mwenye afya njema, huondoka bila antibiotiki, na dawa inaweza kurefusha muda wa kuwatoa kwenye choo. Hupewa mtoto mchanga, mzee, mwenye kinga dhaifu, au yeyote ambaye bakteria ameingia kwenye damu.

19. Kila nikipima choo naambiwa nina amiba. Haishi?

Inawezekana hukuwa nayo. Amiba anayeumiza, Entamoeba histolytica, na ndugu yake asiye na madhara, Entamoeba dispar, hawatofautiki kwa hadubini isipokuwa uwaone wamemeza chembe nyekundu za damu. Chembe kubwa za usaha nazo huitwa amiba na jicho lililochoka la saa 9 alasiri. Nasema hivi nikijua jicho langu pia. Kama umeshatibiwa mara mbili tatu na hali ni ile ile, omba kuoteshwa choo, au kipimo cha antijeni ya amiba (kinachotafuta vipande vya amiba mwenyewe) kama kipo.

## Taifodi na wapishi

20. Kipimo cha Widal ni cha choo?

Ni cha damu, hutumika kupima taifodi, na kinatafuta kinga-mwili, si bakteria. Kinaweza kutoka chanya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye homa nyingine kabisa. Ndiyo maana mtaani kila mwenye homa ana "taifodi na UTI". Kinachothibitisha ni kuotesha. Wiki ya kwanza ya homa bakteria wako kwenye damu, kwa hiyo damu ndiyo huoteshwa. Kwenye choo huonekana zaidi kuanzia wiki ya pili na ya tatu. Choo kisichoota siku ya 3 ya homa hakiondoi taifodi.

21. Mimi ni mama lishe, siumwi popote. Kwa nini nidaiwe choo kila mara?

Kwa sababu taifodi inaweza kukaa kwenye nyongo ya mtu mzima wa afya kwa miaka bila kumsumbua, ikitoka kidogo kidogo chooni. Mfano wake maarufu ni Mary Mallon, mpishi wa New York. Mwaka 1907 alifuatiliwa kutoka nyumba hadi nyumba alizopikia na watu wakaugua. Choo chake kiliota taifodi mara nyingi ingawa siku nyingine hakikuota kitu. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, akarudi jikoni, akakamatwa mwaka 1915 na kukaa karantini hadi alipofariki mwaka 1938. Yeye mwenyewe hakukubali kamwe kwamba ana ugonjwa.

Hizo siku "nyingine hakikuota kitu" ndizo zinazofanya choo kimoja kisitoshe kwa anayeshukiwa. Na cheti cha afya kilichopatikana kwa hadubini pekee (swali la 1) hakisemi lolote kuhusu taifodi. Maji na sabuni baada ya chooni vinalinda wateja wako kuliko muhuri.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nina VVU na nimeharisha mwezi mzima.

Kuotesha pekee hakutatosha. Mwambie daktari aandike pia rangi maalumu ya kriptosporidiamu na wenzake, maana hawaonekani vizuri kwa hadubini ya kawaida. Ukiwa na homa, omba damu ioteshwe pia: kwa wenye VVU, na kwa watoto wenye utapiamlo au malaria, salmonela huingia kwenye damu, mara nyingine bila kuharisha kabisa.

23. Nilianza kuharisha nikiwa nimelazwa, natumia antibiotiki.

Hapo shigela na salmonela hawatazamiwi sana. Maabara nyingi hukataa kuotesha hivyo choo cha aliyelazwa zaidi ya siku 3. Anayeshukiwa ni Clostridioides difficile, anayestawi antibiotiki zikishafyeka wenyeji wa utumbo. Kipimo chake hutafuta sumu au vinasaba, na hupimwa choo laini tu, kwa sababu mtu asiyeharisha anaweza kuwa naye bila kuugua.

24. Kipimo cha choo cha vidonda vya tumbo ni hiki hiki?

Hapana. Kile ni cha antijeni ya Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni ambaye hahusiki na kuhara kwako. Ukienda kupima, uwe umeacha omeprazoli na jamii yake kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4, la sivyo hatatokea.

25. Kwenye mlipuko wa kipindupindu jirani yangu kapimwa, mimi nimetundikiwa dripu tu.

Sampuli chache za mwanzo zikishathibitisha mlipuko, kila anayeharisha maji hutibiwa kama mgonjwa wa kipindupindu. Baada ya hapo maabara hupima wachache kwa zamu ili kuona kama bakteria amebadilika au dawa imegoma. Katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo, Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika, karibu watu 50,000 walifariki ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kuhara. Maabara ndiyo iliyoonyesha kwamba kipindupindu kile kilikuwa sugu kwa doksisaiklini, na kwamba baada yake liliingia wimbi la pili, kuhara damu kwa shigela, linalotaka dawa nyingine.

26. Nimepona. Nirudie kupima?

Kwa watu wengi hakuna haja. Wanaorudia ni wapishi, wahudumu wa afya na walezi wa watoto wadogo, na hufanywa angalau saa 48 baada ya kumaliza antibiotiki, choo zaidi ya kimoja, siku tofauti. Iwe ni kuotesha, si PCR (swali la 13). Kopo ni lile lile, na saa iandikwe juu yake.